Lumbesa ya Namba: Vipimo Visivyotajwa Katika Programu Zetu za Maji

Yeyote aliyefika Mang'ola wakati wa mavuno ya vitunguu anaijua lumbesa. Mkulima wa bonde la Ziwa Eyasi humwagilia shamba lake kwa miezi kadhaa, huvuna, kisha mnunuzi huja na gunia lililoongezewa kilemba juu. Mkulima anaita gunia, mnunuzi anaita gunia, na bei hupatanwa kwa gunia. Hakuna aliyetamka uongo. Neno moja limebebeshwa vipimo viwili, na aliye dhaifu ndiye anayelipa tofauti. Serikali imepiga marufuku lumbesa mara nyingi, na Wakala wa Vipimo huisaka kwa kutumia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Katika hili serikali iko sahihi.

Naandika makala haya kudai kwamba sisi wasomi wa maji tunayo lumbesa yetu, na hakuna wakala anayeisaka. Imo ndani ya programu za kompyuta tunazotumia kukadiria mvua, mito, chemchemi na visima. Humo kuna namba zilizopewa majina kama Q1, Q2, temp, data2 na "mwisho_sahihi", zisizosema ni lita au mita za ujazo, ni kwa sekunde au kwa siku. Kwa namba hizo tunashauri nani apewe kibali cha kutumia maji na mfereji wa nani ufungwe. Hili wengi wanaliona ni suala la unadhifu wa waandika programu. Mimi naliona ni suala la haki, na nitaanza ushahidi wangu kwa kujishtaki mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilimsimamia mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyekuwa akitengeneza modeli ya matumizi ya maji ya kijiji kimoja kwenye miteremko ya Karatu, chini ya msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Kijiji kile kilikuwa na chemchemi moja, pampu moja ndogo, na mifereji miwili ya bustani za mboga zinazolimwa zaidi na akina mama. Katika programu yake, chemchemi aliipa jina Q1 na pampu Q2. Q1 ilikuwa 3. Q2 ilikuwa 4.5. Programu ikafanya kazi yake: 3 kutoa 4.5, upungufu wa 1.5. Ikachora grafu yenye mstari mwekundu. Tulipojiuliza pampu inawezaje kuvuta zaidi ya kinachotoka, tulijieleza kwamba bila shaka inakula akiba iliyo ardhini. Rasimu ikapendekeza mifereji ya bustani ifungwe wakati wote wa kiangazi ili kuiokoa chemchemi.

Niliisoma rasimu ile. Nilisahihisha sarufi, nikahoji mpangilio wa sura ya pili, nikaweka sahihi.

Tulipopeleka matokeo kijijini, mwendesha pampu, mzee aliyeishia darasa la saba, alinyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Hiyo nne na nusu ni nne na nusu nini?" Nikamjibu kwamba ni maji yanayovutwa na pampu. "Hilo nimelielewa, mwalimu. Nauliza ni nini. Mita yangu inasoma uniti, na kwa saa moja inakwenda uniti nne na nusu. Lakini chemchemi mlipima kwa ndoo na saa ya mkononi, nilikuwepo. Ndoo ya lita ishirini ilijaa kabla ya sekunde saba. Zile ni lita kwa sekunde."

Kisha akahesabu mbele ya mkutano, bila kompyuta. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Uniti nne na nusu ni ndoo 225 kwa saa. Chemchemi ikitoa lita 3 kwa sekunde, kwa saa moja yenye sekunde 3,600 hutoa lita 10,800, yaani ndoo 540. Pampu ilikuwa ikichukua chini ya nusu ya maji ya chemchemi. Hapakuwa na upungufu wowote. Akina mama wale walikuwa wamebakiza hatua moja kunyang'anywa bustani zao kwa ushauri wa mtu mwenye shahada ya uzamivu, na aliyewaokoa ni mzee aliyegeuza kila kitu kuwa ndoo kabla ya kulinganisha.

Tuelewe kilichotokea. Mwanafunzi alijua hesabu. Vipimo vyake vya uwandani vilikuwa sahihi. Mita ya pampu ilikuwa nzima. Kosa lilizaliwa pale namba zilipoingia kwenye programu na kuvuliwa vizio vyake mlangoni. Kigeu, yaani kile kikapu chenye jina ambamo programu huhifadhi namba, kiliitwa Q2 na hakikuwa na cha kumwambia msomaji. Laiti vingeitwa chemchemi_lita_kwa_sekunde na pampu_m3_kwa_saa, hata mimi niliyekuwa natafuta koma zilizokosewa ningeshtuka kuona kimoja kinatolewa katika kingine. Jina zuri la kigeu ni ulinzi wa kwanza, kwa kuwa linasomwa na binadamu.

Ulinzi wa pili ni ukaguzi wa vizio unaofanywa na mashine yenyewe. Hapa namba haihifadhiwi peke yake, huhifadhiwa pamoja na kizio chake. Ukiiambia programu itoe mita za ujazo kwa saa katika lita kwa sekunde, itabadili kwanza ndipo itoe. Ukiiambia ijumlishe milimita za mvua na lita kwa sekunde, itakataa na kusimama. Zana za kazi hii zipo na ni za bure: wanaotumia Python wanayo Pint, wanaotumia R wanayo units. Lugha ya F# imejengwa na ukaguzi huo ndani yake. Hatuwezi kusingizia umaskini.

Tusidhani pia kwamba hatari iko kwa wanafunzi tu. Chukua fomula inayofundishwa katika kila darasa la haidrolojia nchini, ile ya kukadiria maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi kwa kutumia namba ya mkondo, iliyobuniwa na idara ya hifadhi ya udongo ya Marekani. Ilizaliwa kwa inchi. Kwa inchi, uwezo wa ardhi kuzuia maji ni 1000 kugawa kwa namba ya mkondo, kutoa 10. Kwa milimita ni 25400 kugawa kwa namba hiyo hiyo, kutoa 254. Zote mbili zimo vitabuni, na katika programu nyingi matokeo yake huitwa S tu.

Sasa fikiria korongo mojawapo la Karatu, kidakio chake kina kilomita za mraba 10, namba ya mkondo ni 75, na mvua ya siku moja ni milimita 50. Kwa fomula sahihi ya milimita, yatatiririka maji ya kina cha milimita 9 hivi, yaani zaidi ya mita za ujazo 90,000. Mtu akinakili fomula ya inchi na kuingiza mvua kwa milimita, atapata milimita 46, zaidi ya mita za ujazo 460,000. Ni mara tano. Halmashauri itaambiwa ijenge kalavati ambalo haliwezi kulilipia, au itaahirisha barabara. Akikosea kwa upande wa pili, mvua kwa inchi na S kwa milimita, programu itampa sifuri kamili. Kwa mujibu wake, korongo lile halipitishi hata tone. Kalavati litakalojengwa kwa sifuri ile litasombwa na mvua ya kwanza ya masika, na sote tutasema mvua ya mwaka huu ilikuwa kubwa mno. Katika njia zote mbili programu haikulalamika hata mara moja.

Mvua kwa inchi inatoka wapi leo? Inatoka kwenye kumbukumbu zetu wenyewe. Daftari za mvua za enzi ya Mwingereza ziliandikwa kwa inchi, na mito ilipimwa kwa futi za ujazo kwa sekunde, ambapo futi moja ya ujazo ni lita 28.3. Anayetaka mfululizo mrefu wa mvua ya nyanda za juu za kaskazini lazima aunganishe kurasa zile na za baada ya uhuru zilizoandikwa kwa milimita. Akiweka zote katika safu moja iitwayo "mvua", atagundua kwamba babu zetu waliishi jangwani. Vyanzo vipya navyo vina mitego yake. Takwimu za CHIRPS zinazotokana na setilaiti hutoa mvua kwa milimita. Za ERA5 kutoka Ulaya hutoa mvua kwa mita. Modeli za tabianchi hutoa kilo kwa mita ya mraba kwa sekunde, na ni lazima uzidishe kwa 86,400 ili upate milimita za siku. Zote hufika katika kompyuta ya mwanafunzi na zote hupewa jina P.

Upo mtego mwingine ambao hakuna Mzungu atakayetuonya juu yake, kwa sababu ni wa Kiswahili. Msomaji wa kipimamvua husoma saa tatu asubuhi. Akiandika "3" katika fomu, mwingiza takwimu aliyezoea saa za kompyuta huandika 03:00, na saa sita zinapotea. Zaidi ya hapo, mvua inayosomwa saa tatu asubuhi ya tarehe 12 ni ya saa 24 zilizopita, na sehemu kubwa ya saa hizo ni ya tarehe 11. Asiyelijua hilo ataona mto umefurika siku moja kabla ya mvua kunyesha, kisha atakaa wiki nzima akigeuzageuza vigezo vya udongo ili modeli yake ikubaliane na muujiza. Jina mvua_mm_saa24_hadi_saa3_asubuhi ni refu na halipendezi. Lakini ni la kweli.

Nimekaa sana Karatu. Sasa tupande lango la Lodoare tuingie Ngorongoro, kwa maana huko namba hupiganiwa zaidi ya maji yenyewe. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1959 kama eneo la matumizi mseto, watu na mifugo na wanyamapori katika takriban kilomita za mraba 8,300. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikihamishia wakazi Msomera, Handeni, kwa mpango inaouita wa hiari na ambao wapinzani wake wanaukana uhiari huo. Sitaki kuumaliza mjadala huo hapa. Nataka kuuliza jambo la awali: tunapobishana kuhusu idadi ya mifugo na maji inayoyanywa, tunahesabu nini?

Chukua mfano wa eneo lenye ng'ombe 1,000 na mbuzi 3,000. Ukihesabu vichwa, "mifugo" ni 4,000. Ukihesabu kwa kizio cha mifugo cha nchi za tropiki, ambacho ni mnyama wa kilo 250, na ambapo ng'ombe huhesabiwa 0.7 na mbuzi 0.1, jibu ni 1,000. Namba moja ni mara nne ya nyingine, na zote ni za kweli. Anayetaka kuonyesha kwamba ardhi imelemewa atatumia vichwa. Anayetaka kuonyesha kwamba haijalemewa atatumia vizio. Sasa weka namba hiyo katika modeli ya mahitaji ya maji, ndani ya kigeu kiitwacho "mifugo", kisha uizidishe kwa lita ambazo ng'ombe mmoja hunywa kwa siku. Ukiwa umeweka vichwa, kila mbuzi amegeuzwa ng'ombe. Modeli itatangaza kiu ambayo haipo, na tangazo hilo litasomwa katika semina kama sayansi.

Hapo ndipo hoja yangu inapokuwa ya kisiasa. Namba yenye kizio inaweza kujibiwa: mfugaji anaweza kusema mbuzi wangu hanywi hivyo, mwendesha pampu anaweza kusema mita yangu haisomi hivyo. Namba isiyo na kizio haijibiki. Mwananchi hawezi kuikagua, kwa hiyo kwake inakuwa amri. Na kama ilivyo kwenye lumbesa, tofauti hailipwi na aliyeshika gunia.

Nitajibiwa kwamba majina ya vigeu ni suala la ladha ya mwandishi. Hapana. Ladha ni kuchagua kati ya "mvua_mm" na "mm_mvua". Kuficha kizio kabisa ni kama daktari kuandika "kunywa 2" bila kusema ni vidonge au vijiko.

Nitaambiwa kwamba tunatumia programu kubwa za nje zilizokwisha kukaguliwa. Programu zile hukagua hesabu zake, hazikagui ulichokusudia wewe. EPANET, inayotumiwa sana kusanifu mitandao ya mabomba, ilitengenezwa na wakala wa mazingira wa Marekani, na usipochagua kizio inaweza kuchukulia galoni za Marekani kwa dakika. Lita moja kwa sekunde ni karibu galoni 16 kwa dakika. Mhandisi anayeingiza lita zake bila kugusa mpangilio ule atapata mtandao wa mabomba ulio mzuri kwa macho na mwembamba kwa wananchi.

Nitaambiwa pia kwamba hata mataifa makubwa hukosea. Ni kweli. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mirihi, kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa msukumo kwa kizio cha ratili na programu ya upande wa pili iliusoma kama niutoni, tofauti ya mara 4.45. Lakini waliunda tume, na mwaka huo huo wakachapisha sababu hiyo waziwazi, aibu yake yote ikiwemo. Sisi mradi wa maji ukishindwa tunalaumu tabianchi, mkandarasi au wananchi wasiotunza miundombinu. Mara ngapi tumefungua programu iliyosanifu mradi ule na kusoma majina yaliyomo?

Na wapo watakaosema hatuna muda. Mzee wa pampu alitumia dakika tatu. Sisi tulikuwa tumetumia miezi minane.

Basi yafanyike haya. Walimu wenzangu, tusimpe alama mwanafunzi ambaye modeli yake haitaji vizio katika majina ya vigeu au haina ukaguzi wa vizio. Nimeanza na darasa langu na nitaanza na kazi zangu za zamani, ambazo baadhi yake sasa naogopa kuzifungua. Watumishi wa umma mnaopitia maombi ya vibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, msitie sahihi jedwali lenye safu isiyo na kizio, hata kama limeletwa na profesa. Mnaoandika mikataba ya washauri waelekezi, dai mkabidhiwe programu yenyewe pamoja na ripoti, na iwe sharti la malipo kwamba mtu mwingine anaweza kuisoma na kujua kila namba ni ya nini. Bonde la Kati, ambamo Ziwa Eyasi limo, halina mto unaofika baharini. Kosa tunalolifanya Karatu linabaki na watu wa bonde hilo hilo.

Wanaharakati, mnapokutana na namba mkutanoni, iwe ya serikali, ya mfadhili, ya mwekezaji au ya kwenu wenyewe, msiulize kwanza kama ni kubwa au ndogo. Na wanafunzi wangu, kabla hamjaituma modeli kwa msimamizi aliyechoka kama mimi, pitieni kila kigeu na mkiulize swali la mzee yule: nne na nusu nini? Kisichoweza kujibu hakijawa tayari kufunga mfereji wa mtu.